Miti ya mjini inaleta pesa mtaani, ila tuulize inabaki kwa nani

Wakuu, salaam.

Nimefuatilia nyuzi nyingi humu jukwaani kuhusu maeneo ya wazi, na kila mara mjadala unakwama pale pale. Mmoja anasema nchi kama yetu haiwezi kuacha kiwanja cha mamilioni kikae na nyasi. Mwingine anajibu miti ni uhai. Baada ya hapo kila mtu anashika njia yake. Leo naomba tuongee upande wa pesa tu, maana ndio upande ninaoujua. Nina kitalu cha miche na maua kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Alianzisha mama, mimi nimekishika mwaka wa 14 sasa. Karo ya wanangu imetoka kwenye viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche.

Nianze na mwarobaini mmoja.

Mtaani kwetu, upande wa Temeke, ulikuwepo mwarobaini mkubwa kwenye kipande cha ardhi ambacho mchoro wa mipango miji unakionyesha kuwa eneo la wazi. Saa kumi na moja alfajiri dada mmoja anakuja na jiko, anapika chai na vitumbua. Saa moja fundi viatu ametandika kiroba chake. Bodaboda wana kijiwe upande wa barabara, na kijana wa vocha na miamala ana meza yake pembeni. Saa sita mama lishe anashusha masufuria: wali, maharage, dagaa wa nazi, mchicha. Jioni kuna muuza mihogo ya kukaanga, na mzee wa kahawa anazunguka na birika lake mpaka saa tatu usiku. Nilikaa siku moja nikawahesabu, ukiacha bodaboda walikuwa watu sita wanaolisha familia kwa sababu ya kivuli kimoja ambacho hakuna aliyekilipia kodi.

Mti ukakatwa, zikajengwa fremu nne za maduka. Jua la saa saba la Dar mnalijua. Mama lishe alifunga turubai, likawa tanuri, wateja wakawa wanakula haraka haraka wanaondoka. Zamani mtu alikuwa anamaliza wali wake, anaagiza soda, anapiga stori, anamwita fundi amshonee soli, ananunua vocha. Mteja aliyekaa ananunua mara tatu, mteja anayekimbia jua ananunua mara moja. Hilo ndilo jambo ambalo wachumi wanaliandika kwa kurasa nyingi, na dada wa vitumbua anaweza kukueleza kwa dakika mbili. Baada ya miezi michache alibaki fundi viatu peke yake, amejibanza kwenye ukuta. Fremu mbili kati ya zile nne zimefungwa mpaka leo ninavyoandika. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya mti, lakini kona ile ilikuwa na watu na sasa haina.

Swali langu kwa waliotoa kibali: kwenye ile hesabu ya kodi ya pango la fremu, wale sita waliandikwa ukurasa gani?

Sasa tutoke mtaani kwetu tuangalie pakubwa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni msitu wa Karura, Nairobi. Ni hekta 1,041 za msitu ndani ya mji, umehifadhiwa kisheria tangu 1932. Miaka ya 1990 vipande vyake vilianza kugawiwa watu binafsi kimyakimya wajenge majumba. Mwanamazingira marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti pale tarehe 8 Januari 1999, wakapigwa na walinzi, yeye mwenyewe akapasuliwa kichwa. Damu ile iliuokoa msitu. Ila, na hapa ndipo watu wengi wanapoacha kusimulia, msitu ulipookolewa haukuanza kuleta pesa kesho yake. Kwa miaka kama kumi bado ulikuwa mahali pa kuogopa. Majambazi walijificha humo, miti ilikatwa usiku, na mama mwenye akili hakumpeleka mtoto wake kutembea Karura.

Kilichobadilisha hali ni mpango. Sheria ya Misitu ya Kenya ya 2005 iliruhusu wananchi kuunda jumuiya za misitu na kusimamia msitu pamoja na serikali. Mwaka 2009 ikaanza jumuiya ya Marafiki wa Karura, ikatafutwa pesa ya uzio wa umeme, na vijana wa makazi duni ya jirani wakaajiriwa kuulinda msitu. Mkenya mtu mzima akawa analipa kiingilio cha shilingi 100 za kwao, bei ya chupa ya soda. Pesa ile ikalipa walinzi, ikatengeneza njia za kutembea na za baiskeli, ikang'oa mikaratusi na kurudisha miti ya asili. Njia zikiwa salama watu wanakuja. Watu wakija, mwenye baiskeli za kukodisha anapata, mgahawa unapata, dereva wa teksi anapata. Na mlinzi ambaye mshahara wake unatoka kwenye tiketi za mlangoni hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa kulinda mti.

Kwangu mimi hilo ndilo fundo la uzi huu. Msitu wa mjini hukuza uchumi wa eneo pale ambapo pesa unayoizaa inarudi kuutunza na kulipa watu wanaoishi karibu nao. Pesa ikichotwa yote kwenda mfuko wa mbali, walinzi wanapungua, njia zinaota magugu, wageni wanakoma, na mwishowe anatokea mtu na ramani anasema "hili eneo halina kazi." Ndiyo maana Agosti 2025, Shirika la Misitu la Kenya (KFS) lilipoelekeza malipo ya Karura yapite kwenye mfumo wa serikali wa eCitizen, Wanairobi walikuja juu na suala likafika mahakamani. Kwa anayetazama kutoka nje ni ugomvi wa namba ya kulipia. Waliouona msitu ukiwa pango la majambazi walijua kinachogombaniwa ni nini.

Mfano wa pili uko nyumbani: Forodhani, Unguja. Bustani ile ilitengenezwa 1936 kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa kwenye kiti. Ilichakaa vibaya. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukaikarabati, ikafunguliwa upya Julai 2009 ikiwa na ukuta wa bahari, taa, majani na miti. Wauza chakula hawakufukuzwa moja kwa moja. Walipangiwa sehemu yao ndani ya bustani mpya. Nenda pale saa kumi na mbili jioni uone: juisi ya miwa inakamuliwa na ndimu na tangawizi, urojo, mishikaki, pizza ya Zanzibar inageuzwa kwenye chuma, watoto wanaruka baharini kwa sarakasi. Bustani ni ndogo, unaizunguka kwa dakika chache. Wangefanya kosa la kuizungushia geti na kuweka hoteli moja ya kifahari, pesa ingeingia kwa mtu mmoja. Walivyofanya, inaingia kwa wachuuzi, kwa wavuvi wa pweza, kwa mkulima wa miwa, kwa muuza mkaa.

Nirudi kwenye kitalu changu, maana nacho ni sehemu ya hadithi. Watu wengi wakipita wanaona maua tu. Kumbe kazi inaanza mbali: kuna anayechimba udongo, anayeleta samadi kwa guta, akina mama wanaojaza viriba kwa kulipwa kwa idadi, kijana wa keni anayemwagilia asubuhi kabla jua halijawaka na jioni likishapoa, fundi wa vyungu vya saruji, na dereva wa kirikuu anayepeleka mzigo kwa mteja. Mche unaoununua umepita mikono ya watu hao wote.

Na wote tunakaa kwenye hifadhi ya barabara kwa hisani. Miaka kadhaa iliyopita tulipewa notisi ya siku saba. Siku ya nane, alfajiri, greda likapita. Nilikuwa na miashoki karibu 300 iliyokuwa imefika kiunoni, kazi ya miaka miwili. Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiangalia viriba vinavyosagwa, hakusema neno. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwezi uliofuata ofisi hiyo hiyo ilikuwa inatafuta miche ya kupanda kwa ajili ya kampeni ya mazingira.

Sisemi tusiondolewe kamwe, barabara lazima zipanuliwe. Nasema sera ya miti ya mji isiyo na mstari hata mmoja kuhusu mzalishaji wa mche ni kama sera ya elimu isiyomtaja mwalimu. Tupewe eneo, hata bondeni ambako nyumba haziruhusiwi, tulipe ushuru, tujulikane.

La mwisho: bonde la mto Msimbazi, hapa hapa Dar. Mafuriko ya Aprili 2018 peke yake yalikadiriwa kulisababishia jiji hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Tukisema mti hauna faida, tuhesabu pia gharama ya kutokuwa nao: magodoro yaliyolowa, stoo za wafanyabiashara zilizojaa tope, daraja la Jangwani likifungwa na mtu wa Magomeni akishindwa kufika Kariakoo kufungua duka. Sasa upo mradi wa bonde lile, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 pamoja na pesa za washirika wengine. Ndani yake kuna daraja jipya, kuchimba na kupanua mto, na bustani kubwa ya jiji pale ambapo maji yanatakiwa yapate nafasi ya kutandazika. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini nataka kujua mapema nani atauza maji na matunda kwenye bustani hiyo, nani atazalisha miche yake, na kiingilio kama kitakuwepo kitatunza nini.

Karibuni tujadili kwa hoja.

—

Mzawa wa Keko:
Mkuu umeandika vizuri, ila hapo kwenye kivuli umeegemea sana hisia. Fremu nne zinalipa kodi ya jengo, leseni, na zimeajiri watu. Mti unalipa nini? Halmashauri inaendeshwa kwa mapato, haiendeshwi na stori za kahawa.

Mleta uzi:
Ndugu yangu wa Keko, swali lako ni la haki na nimelifikiria sana. Wale sita walikuwa wanalipa. 2018 vilipotoka vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, watu kama wao ndio waliopanga foleni. Ushuru wa soko wanaulipa kila wanaponunua mchele na mihogo kwa jumla. Tofauti ni kwamba pesa yao inaingia kwa vipande vidogo vidogo na hakuna faili linaloiunganisha na mti, wakati fremu ina namba ya mlango.

Na sisemi fremu zisijengwe. Kiwanja kile kingeweza kubeba fremu mbili na mti ukabaki katikati, zenye kivuli mbele. Fremu yenye kivuli mbele inapangishika haraka, muulize dalali yeyote. Tena si hapa tu: Singapore walianza kampeni ya kupanda miti 1963, wakiwa bado wana shida ya ajira na makazi, na waziri mkuu wao wa wakati huo, Lee Kuan Yew, hakuficha kwamba moja ya sababu ilikuwa kumwonyesha mwekezaji anayetoka uwanja wa ndege kwamba mji huu unajua kutunza vitu. Waliiweka miti kwenye hesabu ya uchumi wakiwa bado maskini.

—

Jirani wa Nairobi:
Nashukuru kwa kutaja Karura, lakini wacha niongeze ukweli. Karura imepakana na Muthaiga, Runda na Gigiri. Ploti za huko ni za matajiri na msitu umezidi kuzipandisha bei. Mtu wa mtaa wa mabanda wa Mathare ana mti gani? Kwa familia ya watoto wanne, hata hiyo soo moja (shilingi 100) kwa kila mtu mzima, ukiongeza nauli ya matatu, ni pesa ya unga. Pia kumbuka bustani ya Michuki pale kando ya mto Nairobi. Mwaka wa 2008 palisafishwa pakapendeza, lakini kabla ya hapo palikuwa na mafundi wa jua kali waliokuwa wakitafuta riziki pale. Hao walienda wapi?

Mleta uzi:
Asante sana jirani, na nakiri hapo umegusa kidonda. Miti ikipandisha bei ya ardhi, mwenye hati anacheka, mpangaji anafungasha. Hili limetokea miji mingi. Seoul, Korea Kusini, walibomoa barabara ya juu kuanzia 2003 wakaufufua mto Cheonggyecheon, kilomita 5.8, wakaufungua 2005. Joto la eneo lile lilipungua, watalii wakamiminika, majengo ya pembeni yakapanda thamani. Lakini kandokando palikuwa na wachuuzi na wenye viduka vidogo tangu zamani. Wachuuzi walihamishiwa kwenye uwanja wa michezo wa Dongdaemun, kisha wakahamishwa tena uwanja ulipobomolewa. Mtu anayehamishwa mara mbili amepoteza wateja mara mbili. Kwa hiyo mto ulifufuka, biashara ndogo nyingi hazikufufuka nao.

Ndiyo maana nikiutazama mradi wa Msimbazi nawafikiria kwanza wauza mbao, wenye gereji na wakulima wa mchicha wa bondeni, hao wanaomwagilia matuta kwa ndoo mbili mbili. Wengi wa waliobomolewa nyumba wamelipwa fidia, sawa. Lakini fidia ya nyumba hailipi mteja uliyemzoea miaka 20. Kuhusu Mathare sina cha kubisha. Msitu mmoja mkubwa upande wa matajiri hauwezi kuhesabiwa kuwa kijani cha mji mzima. Ningependa kuona sheria inayosema kila mtaa uwe na eneo lake la miti ambalo mtoto anafika kwa miguu, na lisiwe na kiingilio.

—

Bint Shangani:
Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Mji Mkongwe. Forodhani umeisema vyema, ila usisahau kwamba wakati wa ukarabati bustani ilifungwa muda mrefu na wauzaji walipata tabu. Marehemu mjomba wangu alikuwa akiuza mishikaki pale. Aliporudi alikuta taa, maji, mahala pa kutupa taka, na akisema biashara imekuwa bora kuliko mwanzo. Lakini ule muda wa katikati nusura auze hata jiko lake.

Mleta uzi:
Waalaykum salaam dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mjomba. Hili nilikuwa silijui kwa ukaribu huo na nimelichukua. Ule muda wa katikati ndio unaoua. Mipango yote inaonyesha picha ya kabla na picha ya baada, hakuna anayepiga picha ya mtu anayekaa nyumbani na jiko lake akisubiri. Ningekuwa na sauti kwenye mradi wowote wa bustani ningeomba eneo la muda liandaliwe kabla uzio wa mabati haujasimamishwa, na lisiwe mbali na wateja walewale.

—

Fundi Bomba:
Wakuu tatizo si kupanda. Kila mwaka wakubwa wanapanda, wanapiga picha, wiki ya tatu mbuzi ameshakula. Halmashauri zinaambiwa miche milioni na nusu kwa mwaka. Iko wapi?

Mleta uzi:
Umenena fundi. Hapa kuna funzo la Freetown, Sierra Leone. Baada ya maporomoko ya Agosti 2017 yaliyoua watu zaidi ya 1,000, jiji lilijua vilima vyake vimevuliwa nguo. Mwaka 2020 meya Yvonne Aki-Sawyerr akaanzisha kampeni ya miti milioni moja, na jambo lililonivutia ni malipo. Wananchi wa mitaa ile ile hulipwa kuitunza, kila mti una kumbukumbu yake kwenye simu, na mtunzaji anarudi kuuthibitisha kwamba bado uko hai. Ukilipa kwa kupanda utapata mashimo. Ukilipa kwa mti uliosimama baada ya kiangazi utapata msitu.

Mimi nikiuza miche 500 kwa mradi, mkataba unaishia mlangoni kwa kitalu. Laiti nusu ya pesa ingekuja baada ya mwaka, kwa idadi ya iliyo hai, ningeajiri vijana wawili wa kumwagilia Juni mpaka Oktoba na bado ningepata faida. Vijana wangepata kazi ya miezi mitano kwa kila masika tunayopanda. Zidisha hiyo kwa kata za Dar.

—

Mama Pendo wa Mbagala:
Kaka, mimi nina mgahawa mdogo mbele ya nyumba, nimesoma uzi wote. Nipande mti gani? Niliwaza miashoki maana imenyooka inapendeza.

Mleta uzi:
Shikamoo mama. Miashoki naiuza na inanipa hela, lakini kwa mgahawa wako nakushauri uiache. Inakwenda juu kama mshumaa, kivuli chake hakimfuniki hata mtoto. Ndiyo maana barabara zetu nyingi zina miti mizuri na hakuna anayekaa chini yake.

Panda mwarobaini kama una nafasi. Mkungu nao una kivuli kipana kama mwavuli, ila unadondosha majani makubwa, utafagia sana. Usipande karibu na ukuta, acha hatua tano au sita za mtu mzima, na ukae mbali na shimo la choo. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kando yake peke yake, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza vizuri, ndio urudishe kwanza chini. Kiriba kichane kwa wembe kabla ya kupanda, wengi wanasahau mizizi inazunguka humo ndani mpaka mti unadumaa. Panda mvua za masika zikishakolea. Zungushia fito au kipande cha bati kwa ajili ya mbuzi. Kiangazi cha kwanza upe ndoo moja kila baada ya siku tatu, maji ya kuoshea mchele yanafaa kabisa.

Nina miche ya mwarobaini imefika magotini, 40 nimeitenga kwa ajili ya watu wa uzi huu wenye biashara za barazani, sitachukua hela. Nitumie ujumbe kule faragha, mama, nikupe mmoja ukipita na bodaboda wako.